Amri Nyingi, Mlango Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Wakili wa Upinzani Aliyefukuzwa Nchini Mwake

Namna ya kukisoma kisa hiki

Kisa kilitokea Kenya, chini ya Katiba ya 2010. Majina ya wahusika, tarehe kamili, vituo vya polisi na mashirika ya ndege yameondolewa. Mhusika mkuu tunamwita Wakili tu. Siku zinahesabiwa tangu asubuhi aliyokamatwa. Mfuatano wa mambo na viwango vya fedha ni vile vile vilivyokuwa.

Uchambuzi umeandikwa kwa ajili ya mawakili vijana, wasaidizi wa kisheria na familia za wanasiasa wa upinzani. Sababu ya kukichagua ni hii: Wakili alishinda mahakamani karibu kila mara, na bado alikaa nje ya nchi yake zaidi ya miaka 4. Anayetetea watu wa aina hii lazima aelewe jambo hilo liliwezekanaje.

Usuli: mtu na karatasi zake

Wakili alizaliwa Kenya kwa wazazi Wakenya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa kiongozi wa wanafunzi chuo kikuu, akawekwa kizuizini, akafukuzwa chuoni, akaikimbia nchi. Kanada ikampa hifadhi. Huko alisomea sheria, akasajiliwa kuwa wakili, na katika miaka ya 1990 akachukua uraia wa nchi hiyo. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka mno. Mtu huyu hakwenda kutafuta pasipoti ya pili kwa starehe. Alichukua karatasi za nchi iliyompokea kwa sababu nchi aliyozaliwa ilikuwa imemfanya mkimbizi.

Baadaye alirudi Kenya na kupewa pasipoti ya Kenya. Alifanya kazi serikalini, akaingia siasa, akawania kiti cha kaunti. Tume ya uchaguzi ilipokea karatasi zake na jina lake likawa kwenye kura. Uchaguzi wa urais wa mwaka huo ulipozua mgogoro, kiongozi wa upinzani aliapishwa na wafuasi wake kuwa “rais wa wananchi”. Wakili alisimama kando yake jukwaani na kutia saini hati ya kiapo. Serikali ilikiita kiapo hicho uhaini, na vuguvugu lililokiandaa likatangazwa kundi la uhalifu.

Sasa tuje kwenye sheria, maana kisa kizima kimelala kati ya vifungu viwili. Katiba ya zamani haikumruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Katiba ya 2010 ikageuza mambo. Ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine. Lakini Ibara ya 14(5) inasema aliyekuwa raia wa kuzaliwa, akaacha kuwa raia kwa kuchukua uraia wa kwingine, ana haki ya kuurejesha akiomba. Upande wa serikali ulisoma hivi: Wakili alipoapa Kanada kabla ya 2010, uraia wa Kenya ulikatika papo hapo, na kwa kuwa hakuomba kuurejesha, ni mgeni. Upande wake ulisoma hivi: hakuwahi kuukana uraia wake, dola lenyewe limempa pasipoti na kumruhusu kuwania kiti, na hata kama swali lipo, afisa mmoja hawezi kulijibu usiku bila kumsikiliza mtu.

Kutoka Ijumaa hadi Jumanne

Siku ya 1 ilikuwa Ijumaa. Polisi waliingia nyumbani kwake alfajiri kwa kuvunja milango, wakamchukua. Siku haikuchaguliwa ovyo. Ibara ya 49(1)(f) inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, mwisho unasogea hadi jioni ya siku ya kazi inayofuata. Ukikamatwa Jumatatu alfajiri, polisi wana hadi Jumanne. Ukikamatwa Ijumaa alfajiri, saa 24 zinaishia Jumamosi, na polisi wanajipatia hadi Jumatatu jioni bila kuvuka kikomo hicho cha Katiba. Ndiyo maana mawakili wa Nairobi wanaoshughulika na kesi za siasa hulala simu zikiwa wazi usiku wa kuamkia Ijumaa.

Siku hiyo hiyo mawakili wake walifika Mahakama Kuu. Jaji aliamuru aachiliwe kwa dhamana ya shilingi 50,000 taslimu. Fedha zikalipwa, Wakili hakuachiliwa. Alihamishwa kutoka kituo hadi kituo nje ya Nairobi, na mawakili wakabaki wakifuata nyayo zilizokwisha kupoa.

Jumatatu, siku ya 4, jaji aliagiza mkuu wa polisi na mkuu wa upelelezi wamlete mahakamani. Jumanne hawakumleta. Badala yake alifikishwa kwa hakimu wa kaunti jirani na kusomewa shtaka la kuwapo na kuridhia kiapo cha kutenda uhaini. Hesabu siku mwenyewe: jioni ya Jumatatu ilikuwa imeshapita. Wakili alikataa kujibu shtaka, akisema Mahakama Kuu ndiyo iliyoagiza aletwe mbele yake. Hakimu alikubaliana naye, akaelekeza apelekwe Milimani, yaani Mahakama Kuu ya Nairobi.

Hakufika Milimani. Usiku wa siku hiyo ya 5 alipakiwa kwenye ndege ya kwenda Ulaya, na kutoka huko akapelekwa Kanada. Wizara yenye dhamana ya usalama wa ndani ilisema ni mhamiaji asiyetakiwa na kwamba pasipoti yake ya Kenya ilipatikana isivyo halali.

Siku ya 53: ukumbi wa uwanja wa ndege

Siku ya 25 Mahakama Kuu ilisimamisha tangazo la uhamiaji na kuagiza aruhusiwe kurudi. Siku ya 53, Wakili akatua Nairobi.

Katika siku 28 zilizopita kati ya amri na safari kulikuwa na mabadiliko ambayo hayakuandikwa kwenye jalada lolote la kesi. Kiongozi wa upinzani, yule aliyeapishwa, alikuwa amepatana na rais hadharani wiki 2 na siku chache kabla ya Wakili kutua. Wakili aliyapinga mapatano hayo waziwazi. Kwa hiyo aliteremka kwenye ndege akiwa na amri ya mahakama mkononi, lakini ngao ya kisiasa aliyokuwa nayo mwezi mmoja nyuma ilikuwa imekwisha.

Maafisa wa uhamiaji walitaka awape pasipoti ya Kanada waigonge viza ya mgeni. Akakataa. Walijaribu kumrudisha kwenye ndege, akagoma, ndege ikaondoka bila yeye. Akawekwa kwenye chumba ndani ya uwanja. Aliletewa fomu za kuomba kurejeshewa uraia, akazikataa nazo. Mawakili wake walizuiwa kumfikia. Nje, waandishi wa habari walipigwa.

Mahakama ilitoa amri aachiliwe. Mahakama nyingine ikawaita waziri, mkuu wa polisi na mkuu wa uhamiaji wafike wenyewe kujieleza, nao hawakufika. Walipatikana na hatia ya kudharau mahakama na kutozwa faini ya shilingi 200,000 kila mmoja, ikatwe kwenye mshahara. Faini ilitangazwa siku ya 56. Usiku wa siku ya 55 Wakili alikuwa ameshapakiwa kwa nguvu kwenye ndege ya kwenda Dubai. Kwa maelezo yake mwenyewe, alidungwa dawa akapoteza fahamu.

Hukumu, kisha miaka ya kungoja

Mwezi wa 11 tangu kukamatwa, Mahakama Kuu ilitoa hukumu kamili. Wakili ni raia wa kuzaliwa na hakuwahi kuupoteza uraia wake, ikasema. Kufukuzwa kwake ni batili. Akatunukiwa fidia ya shilingi milioni 7, na shilingi 270,000 kwa mali iliyoharibiwa nyumbani kwake.

Takriban mwaka mmoja baada ya hukumu alijaribu kurudi, akiwa na amri mpya inayoruhusu aingie. Safari hii hakufika hata Nairobi. Mashirika ya ndege yalimzuia Ulaya, yakisema Kenya imetoa ilani ya tahadhari dhidi yake. Alijaribu tena mwaka uliofuata huo, akazuiwa tena. Ilani iliondolewa baada ya serikali kubadilika kwa uchaguzi, na wiki chache baadaye akatua Nairobi na kupita kaunta kama abiria yeyote. Ilikuwa miaka 4 na miezi 8 tangu ile ndege ya kwanza.

Uamuzi wa fomu

Kati ya maamuzi yote ya kisa hiki, ule wa kukataa fomu ndio unaojadiliwa zaidi, na ndio unaostahili nafasi kubwa hapa.

Fomu ya kuomba kurejeshewa uraia inaonekana jambo dogo. Unajaza kurasa chache, unaambatanisha cheti, unapewa uraia wako, unaenda nyumbani ukapumzike. Wapo waliomlaumu Wakili kwa ukaidi. Lakini ukisoma Ibara ya 14(5) polepole, unaona mtego. Anayeomba kurejeshewa kitu amekiri kwamba alikipoteza. Saini yake kwenye fomu hiyo ingekuwa ushahidi wa serikali katika kesi iliyokuwa bado inasikilizwa: kumbe siku ile ya 5 aliyefukuzwa alikuwa mgeni kweli, na mwenyewe amesaini. Kufukuzwa kungehalalishwa kwa nyuma. Zaidi ya hapo, mwombaji humngoja anayeombwa. Jalada lingekaa mezani kwa ofisi ile ile iliyomfukuza.

Pasipoti ya Kanada ilikuwa mtego wa aina hiyo hiyo. Viza ya mgeni ndani yake ingemfanya aingie Kenya kwa hisani, kwa muda maalumu, na muda ukiisha angeweza kuondolewa kwa utaratibu wa kawaida wa wageni bila mtu kuhitaji kuvunja mlango.

Kwa hiyo kisheria alikuwa sahihi, na hukumu ya miezi 9 baadaye ilithibitisha hivyo. Lakini maoni yetu ni kwamba palikuwa na njia ya tatu ambayo haikuandaliwa mapema: kuingia chini ya pingamizi. Mtu anaweza kukubali utaratibu wa mpito ikiwa mahakama imeamuru, kabla hajapanda ndege, kwamba hatua yoyote ya kuingia, iwe mhuri, fomu au alama za vidole, haitahesabiwa kuwa ni kukiri wala haitaathiri haki za upande wowote hadi kesi iishe. Sentensi moja ndani ya amri ya siku ya 25 ingeutoa uamuzi huo mikononi mwa mtu aliyechoka, aliyezingirwa na askari usiku, na kuuweka mikononi mwa jaji. Hakuna anayepaswa kuamua tafsiri ya Katiba akiwa amesimama kwenye ukumbi wa kuwasili. Na hatudai kwamba maafisa wale wangeitii sentensi hiyo kuliko walivyotii nyingine. Faida yake ingekuwa kwamba hawangebaki na hadithi ya “tulimpa fomu akaikataa”, ambayo ndiyo waliyoisimulia nchi nzima.

Amri zilimtaja nani?

Kosa la pili ni la ufundi, na ni rahisi kulirudia. Katika siku 5 za kwanza vita vyote mahakamani vilikuwa na polisi. Polisi ndio waliomkamata, polisi wakaamriwa wamlete. Ila mkono uliomtoa nchini ulikuwa wa uhamiaji, chini ya wizara. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inawapa waziri na maafisa wake madaraka ya kumtangaza mtu mhamiaji asiyetakiwa na kuamuru aondolewe. Mteja akiwa na uraia wa pili, au akiwa amewahi kuwa nao, au hata kukiwa na uvumi tu kwamba anao, uhamiaji waingizwe kwenye ombi tangu saa ya kwanza.

Ombi la habeas corpus, yaani la kumleta mahakamani mtu aliyeshikiliwa, halina kizuizi: Ibara ya 25 inasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Ibara ya 22(3) inakataza kutoza ada ya kufungua ombi la kutetea haki za msingi, na kanuni za 2013 zinaruhusu ombi litolewe kwa mdomo au kwa barua pale muda unapobana. Kwa hiyo kinachochelewesha si fedha wala fomu. Kinachochelewesha ni kuandika vibaya kile unachoomba. Rasimu ya amri ambayo mawakili wanaibeba wakiwa tayari inapaswa kuwa na mambo haya:

- Majina ya maafisa pamoja na vyeo vyao. Cheo hakifungwi jela wala hakikatwi mshahara.
- Wajibiwa (wanaolalamikiwa) wote wanne: mkuu wa polisi, mkuu wa upelelezi, mkuu wa uhamiaji na waziri, pamoja na “yeyote anayetenda kwa maagizo yao”.
- Saa na chumba. “Kesho saa 3 asubuhi, Milimani, mahakama namba fulani”, kamwe isiwe “mara moja”.
- Katazo la kumtoa mtu nje ya mipaka ya mahakama au nje ya nchi hadi afikishwe. Katazo hili ndilo lililokuwa na umuhimu kuliko yote katika kisa hiki.
- Ruhusa ya kukabidhi amri kwa njia ya simu, barua pepe au kubandika mlangoni, ili lisiwepo la “hatukupokea”.
- Sharti kwamba kituo kinachomshikilia kimwandike kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, na wakili apewe nambari yake.

Nambari ya OB inaonekana kitu kidogo hadi uikose. Mtu asiyeandikwa popote hayupo popote, na kila mkuu wa kituo ataapa hivyo bila kusema uongo. Kikosi cha watu 6 au 8 wenye simu, kila mmoja kwenye kituo chake katika kaunti zinazouzunguka mji, huziba pengo hilo vizuri kuliko wakili mmoja maarufu anayezunguka na gari. Mmoja zaidi abaki uwanja wa ndege. Kwenye kisa hiki aliyehitajika uwanjani usiku wa siku ya 5 alikuwa mpeleka hati, mwenye nakala za kumkabidhi rubani na meneja wa shirika. Rubani hana hamu ya kubeba abiria anayepiga kelele kwamba kuna amri ya mahakama, na siku ya 53 ndege iliondoka bila Wakili.

Adhabu iliyochelewa

Faini za shilingi 200,000 zilikuwa jambo kubwa. Waziri aliye madarakani kupatikana na hatia ya kudharau mahakama si habari ya kila siku. Lakini zilikuja saa kadhaa baada ya mtu kuwa angani, na hazikumrudisha. Adhabu ya kudharau mahakama inafanya kazi ikiwa inatangulia tendo: mkuu anaitwa afike mwenyewe kabla ya ndege kuondoka, asipofika inatolewa hati ya kumkamata. Hapa napo panabaki shida isiyo na dawa ya kisheria, maana hati ya kumkamata mkuu wa polisi inatekelezwa na polisi.

Kilichosaidia, na kinachopaswa kusemwa wazi, ni kwamba majaji tofauti wa Mahakama Kuu walitoa amri zile zile bila kutetereka, mmoja baada ya mwingine, wengine wakati wa usiku. Bila rekodi hiyo hukumu ya fidia isingekuwa na mahali pa kusimama. Kila amri iliyopuuzwa iligeuka kuwa aya katika hukumu. Mawakili waliichukua kila moja, wakaiandikia hati ya kiapo ya namna ilivyokabidhiwa na namna ilivyokataliwa, na kuzirundika. Kazi hiyo inachosha wala haipigwi picha. Ndiyo iliyoshinda kesi.

Faili la uraia

Udhaifu wa tatu ulikuwapo miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuvunja mlango. Swali la uraia wa Wakili lilijulikana. Alipowania kiti, lilikuwa mdomoni mwa wapinzani wake, kwa kuwa Ibara ya 78 inamkataza afisa wa dola kuwa na uraia pacha. Wakati huo, akiwa huru, mwenye pasipoti na jina kwenye kura, ndio uliokuwa wakati wa kwenda Mahakama Kuu kuomba tamko kwamba ni raia wa kuzaliwa na hakuwahi kuacha kuwa raia. Kesi ya tamko isiyo na dharura husikilizwa kwa utulivu. Ile aliyoishia nayo ilisikilizwa mwenyewe akiwa ng'ambo.

Mwanasiasa au mtetezi wa haki aliyewahi kuishi ukimbizini aweke faili lenye nakala zilizothibitishwa, moja kwa wakili, moja kwa ndugu, moja nje ya nchi:

- cheti chake cha kuzaliwa na vya wazazi, au hati za kiapo za wazee wa ukoo ikiwa vyeti havipo;
- kitambulisho cha taifa, pasipoti zote za zamani na mpya, kurasa zote;
- karatasi za ukimbizi, na cheti cha uraia wa pili chenye tarehe yake, kwa sababu tarehe hiyo ikilinganishwa na Agosti 2010 ndiyo hoja yenyewe;
- nakala ya tamko la uraia pacha. Sheria ya 2011 inamtaka raia mwenye uraia pacha autangaze ndani ya miezi 3, na kukaa kimya ni kosa la jinai;
- kila barua ambayo serikali imemwandikia kama raia: kodi, ajira, tume ya uchaguzi.

Kundi hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania iliyoamuliwa Machi 2018, ilisema dola likishampa mtu karatasi za uraia, mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia uko kwa dola. Anudo alinyang'anywa pasipoti, akasukumwa mpakani Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, akabaki akiishi katika ukanda usio wa nchi yoyote. Kabla yake, John Modise, mmoja wa waanzilishi wa chama cha upinzani Botswana, alifukuzwa mwaka 1978 na kuzungushwa mipakani kwa miaka; Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, ilimpa haki mwaka 2000. Kumnyang'anya mpinzani uraia ni mbinu kongwe barani, na wakili anayeikabili hana haja ya kuanza utafiti kutoka sufuri.

Ilani ya ndege

Awamu ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kisheria. Askari hawakuhitajika tena. Shirika la ndege likiambiwa kwamba abiria hatapokelewa, linahesabu gharama: nauli ya kumrudisha, faini, kucheleweshwa. Halitasoma hukumu ya kurasa nyingi kwenye kaunta ya kuingilia.

Anayerudi katika hali hiyo ahakikishe amri inawaelekeza uhamiaji wayaandikie mashirika kufuta ilani, kwa tarehe, na kuwasilisha nakala mahakamani. Barua hiyo pamoja na amri zipelekwe ofisi ya shirika Nairobi na makao yake makuu siku kadhaa kabla ya safari, na jibu lidaiwe kwa maandishi. Akizuiwa, asiondoke kaunta bila barua ya kukataliwa au picha ya ujumbe ulio kwenye skrini. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu iombwe na mahakama kushuhudia kuwasili. Na amri itaje karatasi gani itatosha kuingilia. Hapa palikuwa na somo chungu: pasipoti ya Kenya ambayo mahakama iliagiza irejeshwe ililetwa mahakamani ikiwa imetobolewa. Ndiyo maana amri ya baadaye ilisema kitambulisho cha taifa kitatosha.

Kudai fidia, na mlango wa Arusha

Aliyeshinda fidia dhidi ya serikali hawezi kutuma dalali kukamata magari ya wizara. Sheria ya mashauri ya serikali, kifungu cha 21, inakataza. Njia ni hii: kuchukua cheti cha amri kwa msajili wa mahakama, kumkabidhi Mwanasheria Mkuu na Katibu wa Wizara, kusubiri, kisha kurudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha Katibu huyo alipe. Asipolipa hapo ndipo kosa la kudharau mahakama linamwangukia yeye binafsi. Kila hatua ni miezi, na kila hatua ina mahali pake pa kukwama. Anayedai apange miaka, si wiki.

Kuhusu mahakama za nje: Kenya haijatoa tamko la kuruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Imebaki Tume ya Banjul, ambayo inataka njia za ndani zimalizike kwanza, na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, ambayo haitaki hivyo. Arusha inasikiliza hoja kwamba nchi mwanachama imevunja Mkataba wa Jumuiya, ikiwemo misingi ya utawala wa sheria, na kupuuza amri za mahakama ni hoja inayotosha kabisa ndani ya kapu hilo. Ila Ibara ya 30(2) ya Mkataba inatoa miezi 2 tu tangu tendo linalolalamikiwa litokee au lijulikane, na majaji wa Arusha hawaongezi hata siku moja. Kwa mtu aliyefukuzwa siku ya 5, mlango huo unafungwa takriban siku ya 64. Wakili alikuwa ametua Nairobi na kufukuzwa tena ndani ya kipindi hicho hicho, mawakili wake wote wakiwa Milimani na uwanja wa ndege. Kwenye timu ya watu 10, mmoja apewe kazi ya kalenda ya Arusha tangu siku ya kwanza, na asipewe nyingine.